Nataka Kuwa Nesi, Nianzie Wapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Vijana wa Kigoma

Mimi ni muuguzi mkunga. Nimefanya kazi mkoani Kigoma kwa zaidi ya miaka 20, na siku hizi sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwapokea wanafunzi wanaoletwa wodini kwa mazoezi. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka tu, simu yangu haitulii. Wengine ni wazazi, wengine ni vijana wenyewe, na wapo wa kidato cha pili wanaopiga kwa simu ya kaka na kuongea kwa kunong'ona. Nimeyaandika hapa maswali yanayojirudia, na majibu ninayowapa.

Nitajuaje kwamba nina wito wa uuguzi?

Hili ndilo linaloongoza. Wengi wanaoniuliza wanasubiri waote ndoto, au wasikie moyo umewaka ghafla. Mimi sikuota chochote. Nilikuwa na miaka 13, tunakaa Ujiji, bibi yangu mzaa mama akapooza upande wa kulia. Mama alikuwa anauza mawese sokoni, kwa hiyo mchana kutwa nilibaki na bibi mimi. Jirani yetu alikuwa nesi mstaafu. Jioni ya kwanza aliyokuja kumjulia hali, alimfunua bibi kisigino cha mguu uliopooza, akaniita nisogee. Palikuwa na doa la ukubwa wa sarafu, limekoza rangi, na ukiligusa lina joto kuliko ngozi ya pembeni. Akaniambia, "Mwanangu, kidonda kinaanzia hapa. Mgeuze kila yakipita masaa mawili, na kisigino kisiguse godoro."

Nyumbani hatukuwa na saa. Niliitegemea redio ya nyumba ya pili: ikisomwa taarifa ya habari, nahesabu, na muda ukitimia namgeuza bibi, naweka kanga iliyokunjwa chini ya shavu la mguu ili kisigino kining'inie. Siku chache baadaye doa lilianza kufifia. Siku lilipopotea kabisa nilitoka nje nikamvuta dada yangu mkono aje aone kisigino cha bibi. Hakuelewa nafurahia nini.

Furaha ya namna hiyo ndiyo ninayoitafuta kwa kijana anayeniambia anataka uuguzi. Namuuliza: kwenu akiugua mtu, wewe unakuwa wapi? Unakumbuka dawa ya saa nane bila kukumbushwa? Mgonjwa akitapika, unasogea au unamwita mwingine? Sitegemei majibu yote yawe mazuri, maana moyo huo pia unakua. Ila kama hujawahi kukaa na mgonjwa hata siku moja, nenda kwanza ukaione kazi yenyewe kabla ya kujaza fomu. Mwombe mwalimu wako akuandikie barua kwa mganga mfawidhi wa zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, uruhusiwe kukaa siku ya kliniki ya watoto. Usiangalie asubuhi peke yake, wakati kila mtu ana nguvu. Kaa mpaka saa nane mchana, foleni bado ndefu na nesi hajala. Mwangalie anavyozungumza na mama wa mwisho.

Mimi nimevutiwa na mshahara na uhakika wa kazi. Ni vibaya?

Si vibaya. Kila mtu anakula, na wengi wetu tunasomesha wadogo zetu kwa kazi hii. Lakini nikuambie nilichokiona: anayekuja kwa sababu hiyo pekee huchoka mapema, kwa kawaida zamu za usiku zinapoanza. Tafuta sababu nyingine ya kuweka pembeni ya hiyo.

Kuna mtu wa kumtazama kama mfano?

Wako wawili ninaowapenda, na wote waliishi zamani sana. Florence Nightingale utasikia habari zake wiki ya kwanza chuoni, kwa sababu Siku ya Wauguzi Duniani, Mei 12, ni siku aliyozaliwa, mwaka 1820. Yanayonigusa zaidi katika maisha yake ni yale yaliyotokea kabla ya Vita ya Krimea, iliyompa jina. Alisema aliusikia wito akiwa na miaka 16. Familia yake ya Uingereza ilikuwa ya kitajiri na haikutaka kusikia, kwa sababu uuguzi wakati huo ulikuwa kazi ya watu waliodharauliwa. Aliisubiri kwa miaka 14 nafasi ya kujifunza. Mwaka 1851 alikwenda Kaiserswerth, Ujerumani, akafundishwa kwa takribani miezi 3. Miaka 3 baadaye alikuwa akiwaongoza wauguzi 38 kwenye hospitali ya wanajeshi kule Uturuki, ambako maradhi yaliua askari wengi kuliko majeraha. Alihesabu vifo, akaviandika na kuvichora ili wakubwa waone. Chuo chake katika hospitali ya St Thomas', London, kilifunguliwa mwaka 1860.

Wa pili ni Mary Seacole wa Kingston, Jamaica, aliyezaliwa mwaka 1805. Mama yake alikuwa na nyumba ya wageni na aliwatibu wagonjwa hapo hapo, binti akitazama. Mary alianza kwa mwanasesere wake. Kila ugonjwa uliopita mjini, mwanasesere naye aliugua, akatibiwa. Akakua, akasaidiana na mama yake kwa wagonjwa wa kweli, na baadaye akawahudumia wagonjwa wa kipindupindu Jamaica na Panama. Alipoomba London kwenda kwenye vita hiyo hiyo ya Krimea kama muuguzi alikataliwa. Akajilipia nauli, akaenda.

Ninapowasimulia wanafunzi habari za Seacole na kipindupindu, wa huku ziwani wananielewa haraka. Mei 2015 wakimbizi kutoka Burundi walijaa kijiji cha Kagunga, mpakani, kipindupindu kikazuka, na meli ya MV Liemba ikawa inawachukua kuwaleta Kigoma mjini. Kazi ya wauguzi wakati kama ule ni kufungua njia ya dripu kwenye mshipa uliokauka, kumnywesha mtu chumvichumvi (ORS) ya kurudisha maji mwilini kijiko kwa kijiko, kupima kilichoingia na kilichotoka, na kunawa mikono mpaka ngozi inachubuka. Ukitaka mfano wa karibu, waulize wauguzi wa mkoa huu waliokuwapo. Wapo bado kazini, na wakipata mtu wa kuwauliza husimulia.

Naogopa damu. Niache?

Usiache. Siku yangu ya tatu wodini nilizirai, na wala haikuwa damu. Ilikuwa harufu ya kidonda cha kisukari kilipofunguliwa bandeji. Nilizinduka nimelazwa sakafuni, miguu imeinuliwa juu ya kiti, na mgonjwa mwenyewe anauliza kwa wasiwasi kama nimeamka. Kesho yake nilirudi kwenye kidonda kile kile. Nilikuwa nimekula asubuhi, nikasimama karibu na ukuta, na nilipewa kazi ya kushika trei. Mwoga mwenye kitu cha kufanya mikononi huzoea haraka kuliko aliyesimama akitazama. Ukihisi kizunguzungu, sema mapema na ukae chini. Hakuna anayekucheka.

Niko kidato cha pili. Naweza kuanza kujifunza sasa hivi?

Unaweza, na natamani wengi zaidi waanze mapema hivyo. Nisikilize vizuri: sisemi uchome sindano, wala ugawe vidonge, wala ufungue kidonda cha mtu. Hayo yanangoja chuo na usimamizi. Yapo mengine mengi ambayo hayahitaji ruhusa ya mtu.

Anza na kunawa mikono. Unadhani unajua. Kunawa kwa sabuni kama tunavyofundisha ni sekunde 40 hadi 60: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba, ncha za kucha. Wengi hawagusi gumba. Jaribu kwa wiki moja, utashangaa muda ule ulivyo mrefu.

Halafu jifunze kuhesabu. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, upande wa gumba kwenye kifundo cha mkono wa baba yako amekaa ametulia, uhesabu mapigo dakika nzima. Mtu mzima aliyepumzika huwa kati ya 60 na 100. Mhesabie na pumzi bila kumwambia, maana akijua atabadilisha anavyopumua; mtu mzima hupumua kama mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mtoto mdogo ndiye mwalimu mzuri zaidi. Mpakate akiwa ametulia, inua fulana, tazama tumbo linavyopanda na kushuka, hesabu dakika kamili. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50 au zaidi, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40 au zaidi, anapumua haraka kupita kiasi, na akiwa na kikohozi apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Nina mwanafunzi mmoja aliyeujua uuguzi hivyo, kwa kumhesabia pumzi mdogo wake, akamwamsha mama yao usiku wakaenda.

Jifunze kuchanganya pakiti ya chumvichumvi: pakiti moja, lita moja ya maji safi na salama, na kiasi kinachobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Jiunge na klabu ya Msalaba Mwekundu shuleni kama ipo, au skauti, kwa ajili ya huduma ya kwanza. Na uwe na daftari. Ukimuuguza mtu nyumbani andika saa, ulichokiona, alichokula, alichokunywa, amekojoa mara ngapi. Usiandike "anaendelea vizuri." Andika "saa 4 asubuhi amekunywa uji nusu kikombe, hakutapika." Wanafunzi wanaokuja wakiwa na tabia hii nawatambua siku ya kwanza.

La mwisho ni kusalimia. Unaingia alipolala mtu mzima, unasema shikamoo bibi, shikamoo baba, unangoja marahaba, unajitaja jina, ndipo unamgusa. Nimeona wanafunzi wenye alama za juu kabisa wanaomshika mgonjwa mkono kabla ya kumwamkia. Mgonjwa huyo atakuficha anapoumwa.

Masomo gani yanatakiwa?

Kwa stashahada ya uuguzi na ukunga, ambayo ni miaka 3, unahitaji ufaulu wa angalau D nne za kidato cha nne katika masomo yasiyo ya dini, zikiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hesabu na Kiingereza zinakuongezea nguvu. Wanaotoka kidato cha sita na mchepuo wa sayansi wanaweza kuomba shahada ya miaka 4, kwa mfano chuo kikuu cha MUHAS jijini Dar es Salaam au cha Bugando kule Mwanza. Mwenye stashahada naye anaweza kujiendeleza hadi shahada baada ya kufanya kazi. Wenzangu kadhaa wamepita njia hiyo na hawajutii.

Nimekosa D ya Fizikia. Ndiyo basi?

Hapana. Risiti somo hilo kama mtahiniwa wa kujitegemea. Huku unasoma, omba kujitolea kwenye zahanati ya kijiji, hata kama ni kupanga mafaili na kupima uzito watoto. Mwaka mmoja hautakuharibia maisha.

Vyuo vya karibu ni vipi?

Kwa mkoa wetu vipo Kabanga, wilayani Kasulu, penye hospitali ya misheni, na chuo cha serikali Kibondo. Ukivuka kwenda Tabora kuna Nzega, kuna Ndala na kuna Nkinga iliyoko Igunga, vyote vina historia ndefu ya kulea wauguzi. Ushauri wangu ni kuchagua chuo kilichoshikamana na hospitali yenye wagonjwa wengi, kwa sababu kazi hii inaingia kwa kuiona na kuirudia. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, hakikisha chuo kimo kwenye mwongozo wa udahili ambao NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo hivi, huutoa kila mwaka. Mtu akikupigia simu anakuahidi nafasi kwa malipo ya mkononi, kata simu.

Ada tutaitoa wapi?

Ombeni karatasi ya gharama zote, siyo ada peke yake: sare, bima, hosteli, nauli za kwenda fildi, vifaa, mitihani. Wazazi wengi huanguka kwenye hizo nyingine. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo imeanza kutoa mikopo kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, na afya imo. Tayarishieni cheti cha kuzaliwa mapema. Nimeona kijana akikosa mkopo kwa sababu cheti kilikuwa na herufi moja tofauti na ya cheti cha shule.

Mimi ni mvulana. Sitachekwa?

Mtaani labda, mwezi wa kwanza. Wodini hapana. Wanaume wapo kila kona ya kazi hii, hata leba, na wapo akina mama wanaowaomba kwa majina.

Baba hataki. Anasema uuguzi ni kuosha watu.

Usimbishie. Ni kweli tunaosha watu. Unapomwogesha mgonjwa kitandani ndipo unapoona mgongo wake, vidonda vinavyoanza, uvimbe wa miguu, upele, na alivyokonda tangu wiki iliyopita. Mengi niliyowahi kumripotia daktari niliyaona nikiwa na beseni na kitambaa mkononi. Mzazi wa namna hii hashawishiki kwa maneno mengi. Mwombe aende na wewe siku moja, au mkae na nesi anayemfahamu na kumheshimu, mjomba au shangazi, azungumze naye kama mtu mzima na mtu mzima. Nilikwenda mwenyewe kwa mzee mmoja wa Mwanga kwa kazi hiyo. Alinisikiliza kimya, akaniuliza jambo moja: binti akipangiwa zamu ya usiku atarudije nyumbani. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake muda wote.

Mwaka wa kwanza chuoni unakuwaje?

Unaanza na mwili wa binadamu, vijidudu, maadili, na chumba cha mazoezi. Utatandika kitanda mara nyingi kuliko unavyofikiri, kona zikikaa sawa na shuka bila mkunjo, kwa sababu mkunjo unachuna ngozi ya mtu asiyeweza kujigeuza. Nilipofika hapo nilikumbuka kisigino cha bibi, nikaacha kulalamika. Utapima presha za wenzako mpaka mikono iwaume. Masomo ni kwa Kiingereza na mgonjwa anaongea Kiswahili au Kiha, kwa hiyo unajifunza kila kitu mara mbili.

Baadaye unaingia wodini, na huko ndiko uangalifu unakotafutwa. Nikiwa mwanafunzi, katika hospitali moja niliyofanyia mazoezi, akina mama wawili wenye jina moja la kwanza walilazwa vitanda vilivyopakana. Nilikuwa na kikombe cha vidonge vya presha. Niliita jina, wa karibu akaitika, nikanyoosha mkono. Sista wa zamu alinishika kifundo. Hakupaza sauti. Aliniambia, "Muulize akutajie majina yake matatu, halafu soma faili." Nikauliza. Jina la pili likawa tofauti. Presha ya yule mama ilikuwa tayari iko chini tangu asubuhi. Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi, na mikono ilikuwa inatetemeka. Tangu siku ile sijawahi kutoa dawa bila majina matatu, hata kwa mtu ninayemjua kwa sura.

Nawasimulia wanafunzi habari hii wiki yao ya kwanza. Nawaambia pia kwamba wakikosea, waje waniambie dakika ile ile. Kosa lililosemwa mapema mara nyingi linatibika.

Kuna kitu cha pekee kwa anayefanya kazi Kigoma?

Kipo. Ziwa linapanga kazi yetu. Mama mjamzito wa vijiji vya ufukweni huja kwa boti, pembeni ya magunia ya dagaa, na upepo ukivuma kutoka kusini hawezi kuja. Ndiyo maana tunawasisitizia waje mjini mapema, wiki zikikaribia. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza kwa sababu taa ndizo zinazowavuta samaki, na mbalamwezi ikiwa kubwa wanapumzika. Nesi mmoja aliyenitangulia kazini alinifundisha kuwaita akina baba kliniki siku hizo za mbalamwezi. Walikuja. Kiha kitakusaidia sana vijijini, na wagonjwa ambao ni wakimbizi kutoka Burundi wengi wanaongea Kirundi, ambacho mwenye Kiha hukielewa bila taabu.

Nikimaliza, naanza kazi moja kwa moja?

Unasajiliwa kwanza na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, unapewa leseni, na leseni hiyo inahuishwa. Bila leseni humgusi mgonjwa hata kama cheti chako kina alama za juu. Ajira za serikali hutangazwa kwa vipindi na ushindani upo. Wengine huanzia hospitali za misheni au kwa mkataba. Wahitimu niliowaona wakipata nafasi haraka ni wale walioacha jina zuri walikofanyia mazoezi.

Nibebe nini siku ya kwanza wodini?

Kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Daftari dogo la kuingia mfukoni. Viatu vilivyofunikwa, visivyoteleza na visivyopiga kelele usiku. Kucha fupi, bila rangi, na pete ibaki nyumbani. Kula kabla hujatoka. Na saa yenye mshale wa sekunde, ya kubandika kifuani, kwa sababu ya mkononi inazuia kunawa vizuri. Kama hujaipata, mwambie mwalimu wako wa wodini asubuhi hiyo hiyo. Mimi huwa na moja ya ziada kwenye droo, na nitakuazima.